Baba Yangu Hakurusha Ndege

Ukiwaambia watu wa Mwamanyili kwamba baba yako alikuwa Jeshi la Anga, swali linalofuata ni lile lile: alikuwa anarusha ndege gani? Nimeulizwa hivyo tangu shule ya msingi. Hakurusha hata moja. Alikuwa fundi. Alizifungua, akazifunga, akazijaza mafuta, akatia saini kwenye kitabu, kisha akasogea pembeni ili mtu mwingine apae nazo. Nikishajibu hivyo, aliyeuliza huishiwa hamu papo hapo, akahamia kwenye habari za mvua na bei ya pamba.

Makala haya nawaandikia hao wanaoishiwa hamu. Ndege ya kivita ina rubani mmoja hewani na watu wengi chini, na katika nchi yetu wale wa chini hawajaandikwa popote. Baba alikuwa miongoni mwao kwa zaidi ya miaka ishirini. Tena mengi aliyotufanyia nyumbani, mimi na ndugu zangu watano, aliyatoa kwenye kazi ile bila kubadilisha hata kifuniko.

Kwa asiyepafahamu, Mwamanyili iko Busega, kwenye barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hadi Sirari, na Ziwa Victoria haliko mbali. Leo tuko Mkoa wa Simiyu, makao makuu Bariadi. Lakini mkoa huo ni wa juzi, 2012. Kabla ya hapo tulikuwa Wilaya ya Magu, Mkoa wa Mwanza. Vyeti vyote vya jeshi vya Baba vinasema kwao ni Magu, na cheti chake cha kifo kinasema Busega, Simiyu. Katikati ya vyeti hivyo nyumba haikusogea hata hatua moja.

Babu alikuwa mkulima wa pamba, kama karibu kila mtu wa ukanda huu. Miaka ya 1950 ndiyo ushirika wa Wasukuma ulikuwa umepamba moto: VFCU, muungano wa vyama vya wakulima vya kanda ya ziwa chini ya Paul Bomani, ulianzishwa 1955 na baada ya muda mfupi ukawa miongoni mwa mashirika makubwa ya wakulima barani Afrika. Baba akiwa mtoto alipanda juu ya magunia ya pamba kwenye mkokoteni wa ng'ombe hadi Nassa, kwenye kinu cha kuchambulia. Watoto wenzake walikwenda kwa ajili ya mandazi. Yeye alisimama mlangoni akitazama mikanda inavyozunguka, mpaka mtu wa kinu alipomfukuza. Shule alisoma misheni huko huko Nassa, na Biblia ya Kisukuma aliyoipata pale ilimfuata kambi zote alizopangiwa.

Jeshi alilojiunga nalo lilikuwa changa kuliko yeye mwenyewe. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi lililorithiwa kwa Waingereza, waliasi. Mwalimu Nyerere akalivunja, na tarehe 1 Septemba 1964 likazaliwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania, JWTZ. Mwaka uliofuata likaanza tawi la anga. Walianza kutusaidia Wajerumani wa Magharibi, kwa ndege ndogo za mafunzo, lakini mwaka huo huo wa 1965 wakaondoka kwa hasira, kwa sababu Zanzibar ilikuwa na uhusiano na Ujerumani Mashariki na sisi hatukukubali kuchaguliwa marafiki. Wakaja Wakanada na ndege za usafiri, Otter na Caribou, zenye uwezo wa kutua kwenye kiwanja kifupi cha udongo. Walipomaliza muda wao mwaka 1970, Wachina walikuwa wameshashika nafasi. Hao ndio waliotujengea kituo kikubwa cha ndege cha Ngerengere, Morogoro, na kutuletea ndege za kivita za kwanza. Katikati ya miaka ya 1970 zikaingia MiG-21 kutoka Umoja wa Kisovieti.

Baba aliingia zama za Wakanada, akaendelea na Wachina, akapelekwa Urusi kusomea MiG. Alikuwa akisema, "Nimefundishwa na mataifa matatu kukaza nati ile ile." Kwa Wakanada alijifunza kunywa kahawa. Kwa Wachina alijifunza kutotupa kitu chochote, hata tambara. Kutoka kwa Warusi alirudi na herufi zao, na mpaka anakufa makopo yake ya misumari yalikuwa na maandishi ambayo hakuna mtu mwingine Mwamanyili aliyeweza kuyasoma. Ilikuwa hila nzuri. Ukiazima msumari ukarudisha kwenye kopo lisilo lake, anajua.

Sasa niieleze hiyo MiG-21, maana bila hivyo kazi ya Baba haieleweki. Ni ndege nyembamba ya mtu mmoja, yenye injini moja, na inaweza kwenda zaidi ya mara mbili ya mwendo wa sauti. Mdomo wake uko wazi mbele, kwenye pua yenyewe, na humo ndimo inamovuta hewa. Ikivuta hewa inavuta na kilichomo hewani na kilichoko chini: kokoto, jani, kipande cha waya. Kokoto ndogo kama punje ya mahindi ikipita katikati ya mapanga ya injini yanayozunguka inaweza kuiua injini, na kwa kuwa injini ni moja tu, hakuna ya akiba. Ndiyo maana asubuhi askari walijipanga mstari mmoja, bega kwa bega, wakaitembea njia ya kurukia macho chini, wakiokota. Baba aliokota kokoto miaka na miaka. Uwanja wa Mwanza, ambako naye alifanya kazi, uko kando ya ziwa, kwa hiyo kulikuwa pia na makorongo, na misimu ya visubi vinavyotoka majini kama moshi mweusi. Visubi hufunika kioo cha rubani. Korongo akiingia kwenye injini, mambo yameisha.

Ndege hiyo hutua kwa kasi kubwa mno, hivyo nyuma ina parashuti inayofunguka kuivuta isimame. Kila baada ya kutua mtu lazima aikusanye, aikague isiwe imechanika, aikunje kwa utaratibu na kuirudisha mahali pake. Vivyo hivyo hewa ya matairi, oksijeni ya rubani, kiti kinachomrusha nje akipata ajali, risasi za mzinga, mafuta. Mafuta yenyewe ni ndugu wa mafuta ya taa tuliyokuwa tukiyatia kwenye kandili, na hayachukui muda kuisha. Kila jambo lina mtu wake, na kila mtu anatia saini yake. Rubani naye anakizunguka chombo, anatazama, anasaini kwamba amekipokea. Kuanzia hapo kosa lolote lina jina la mtu.

Na kuna spana. Kazi ikiisha, kila spana, bisibisi na koleo hurudi kwenye ubao uliochorwa umbo lake. Nafasi moja ikiwa tupu, ndege hairuki. Itafutwe mpaka ionekane, hata ikiwa usiku, hata kama kamanda anafoka. Spana iliyosahauliwa ndani ya ndege ni bomu lililotegwa na rafiki. Maneno hayo ni ya Baba, na tuliyasikia mara nyingi kuliko tulivyopenda.

Vita vilipokuja vilimkuta Mwanza.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuingia Kagera, na tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya Mto Kagera ni lake. Ndege zake zilikuwa zimeshapiga Bukoba. Amin alikuwa na MiG pia. Nyingi zilikuwa zimelipuliwa na makomando wa Israel pale Entebbe Julai 1976, walipokwenda kuwaokoa mateka, lakini alishapata nyingine. Hapo ndipo penye kichwa cha jambo ninalotaka kusimulia: nchi mbili zinapigana kwa ndege za aina moja, zilizotoka duka moja. Ukiwa chini, umeshika mzinga wa kutungulia, unaona ndege yenye mabawa ya pembetatu inakujia kwa mwendo ambao haukupi muda wa kuvuta pumzi. Ya nani hiyo?

Mapema katika vita, ndege zetu zilizokuwa zikirudi Mwanza zilipotea njia zikaingia anga ya Musoma. Kwa mwendo wa kilomita 900 kwa saa, kutoka Musoma hadi Mwanza ni kama dakika kumi tu, na kosa dogo la usukani linakupeleka mji mwingine. Walinzi wa Musoma walizidhania za Amin, wakafyatua. Ndege tatu zilianguka, na marubani wake wakafa. Watanzania waliuawa na Watanzania waliokuwa wakifanya kazi yao vizuri.

Baba alilisimulia jambo hilo mara chache, kwa sauti ya mtu anayesoma ripoti. Alikuwa Mwanza, anasubiri. "Fundi hatazami saa, mayu," aliniambia. Kwetu baba humwita binti yake mayu, yaani mama. "Anatazama mafuta. Mimi najua nilijaza kiasi gani. Kwa hiyo najua dakika ambayo ndege haiwezi tena kuwa angani. Baada ya dakika hiyo, unasimama pale kwa heshima tu." Walisimama. Kisha wakarudi hangani wakahesabu spana, kwa sababu kesho yake kulikuwa na ndege nyingine. Nikimuuliza kama alilia, alinijibu kwamba ubao ulikuwa kamili, hakuna spana iliyopungua. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hilo lilikuwa jibu. Kwa siku kadhaa aliwaza kama kuna kitu alichokifunga vibaya, redio labda, chombo cha kuonyesha njia labda, kilichowapoteza wenzake. Ubao kamili na kitabu chenye saini ndivyo vilivyomruhusu kulala.

Halafu kuna kisa cha swala, ambacho watu wa Mwanza wanakisimulia wakicheka. Machi 1979, majeshi yetu yakiwa tayari ndani ya Uganda, Muammar Gaddafi wa Libya alimpa Nyerere saa 24 ayaondoe. Mwalimu hakuyaondoa. Tarehe 29 Machi ndege ya Libya, Tupolev Tu-22, dege kubwa la kuangusha mabomu kutoka mbali, ikaja kupiga ghala la mafuta la Mwanza. Ikakosa. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, ambacho wakati ule kilikuwa hifadhi ndogo ya wanyama mbele ya mji, leo ni Hifadhi ya Taifa. Wakafa swala. Baba alikiita kitoweo cha bei kubwa kuliko vyote duniani. Lakini alikicheka kwa kiasi. Alijua ghala lile la mafuta lilikuwa wapi, na nyumba za watu zilikuwa wapi, na mama yetu na kaka yangu mkubwa, aliyekuwa hajaanza kutembea, walikuwa wapi siku ile.

Siku chache baadaye ndege zetu zikalivuka ziwa na kupiga Uganda, uwanja wa Entebbe na maghala ya mafuta. Kutoka Mwanza hadi Entebbe kwa mstari wa moja kwa moja ni kama kilomita 280, maji karibu njia nzima. Kwa MiG ni safari ya dakika ishirini. Ila ukihesabu kwenda, kushambulia na kurudi kwa mafuta yale yale, hakuna nafasi ya kuzubaa. Baba na wenzake walijaza matenki, wakafunga mabomu, wakasaini. Safari hii zilirudi. Aliponisimulia alinionyesha kwa mikono namna parashuti ya nyuma inavyofunguka ndege ikigusa chini, na hapo ndipo nilipomwona akitabasamu katika masimulizi yote ya vita. Tarehe 7 Aprili majeshi yetu yaliingia Entebbe, na tarehe 11 Kampala ikawa imeanguka.

Nisije nikaonekana mtoto anayempaka baba yake rangi. Ushindi wa Vita vya Kagera haukupatikana angani. Uliletwa na watu waliotembea kwa miguu kutoka Mtukula hadi Kampala na kupita, na mizinga iliyowatangulia. Ndege zetu zilikuwa chache na zilifanya kazi chache. Lakini marubani na mafundi wake wachache walikuwa wana wa watu, na mzigo wa kazi yao haukuwa mwepesi kwa sababu vitabu vimeupa aya mbili.

Baada ya vita nchi ilifilisika. Mwalimu aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18, na wote tuliokua miaka ile tunajua kwamba miezi hiyo haikwisha. Sukari kwa foleni, sabuni kwa foleni, khanga kwa kujuana. Vipuri vya ndege vilikuwa na taabu hiyo hiyo. Mafundi walitoa kifaa kwenye ndege iliyolala wakakitia kwenye inayoruka. Mimi nilizaliwa katika ukata huo, kwenye kota za jeshi, na kumbukumbu zangu za kwanza ni harufu ya grisi kwenye mikono inayoninawisha uso.

Kwa maana alituogesha yeye. Akiwa nyumbani, jioni, watoto tulipangwa mstari na kuogeshwa mmoja mmoja, masikio yakakaguliwa, kucha zikakaguliwa, nyayo zikaangaliwa kama zina funza au mwiba. Wanaume wenzake walimcheka. Kwa Wasukuma wa rika lake mwanaume kumwogesha mtoto ilikuwa habari ya kusimuliwa kilabuni. Yeye alikuwa Mlokole, hakwenda kilabuni, hivyo hakuzisikia.

Kila mtoto alikuwa na daftari lake, lililofungwa jalada gumu. Ukurasa wa kwanza jina, tarehe na uzito wa kuzaliwa. Kisha chanjo, malaria ya lini na dawa gani alipewa, namba ya kiatu, nafasi darasani, ada iliyolipwa na iliyobaki. Mwisho wa kila mwezi aliketi mezani na kandili, akasoma, akaongeza, akatia saini. Mwanzoni mwa kila mwaka Mama naye alitakiwa kusaini. Mama hakujua kusoma vizuri alipoolewa. Alijifunza kwa madaftari hayo, kwa kuwa hakukubali kusaini asichokielewa, na Baba alimpenda zaidi kwa ukaidi huo. Daftari langu ninalo. Ukurasa wa 1988 umeandikwa: "Surua. Amepona. Amekonda. Maziwa."

Alipostaafu, mwanzoni mwa miaka ya 1990, tulirudi Mwamanyili. Jambo la kwanza alilofanya, kabla hata ya kupanda minyaa kuzunguka boma, ni kuchora ukuta wa stoo kwa mkaa: umbo la jembe, umbo la panga, la shoka, la nyengo, la kila sufuria ya Mama. Jioni ukipita unaona pengo. Majirani waliokuja kuazima jembe walianza kuona aibu kuchelewa kulirudisha, kwa sababu ukutani lilikuwa linaonekana halipo. Mama alilalamika kwamba haishi nyumbani, anaishi kikosini. Lakini nimemwona kwa macho yangu, Baba akiwa safarini, akichora umbo la kinu kipya yeye mwenyewe.

Kazi ilimfuata. Miaka ile biashara ya sangara ilikuwa imeshika moto, viwanda vya minofu vinajengwa Mwanza, na kila mvuvi mwenye uwezo alitaka mashine ya kusukuma mtumbwi. Mashine hizo zikifa ziliishia kwetu, chini ya mwembe. Zilifuatwa na pampu za kunyunyizia dawa ya pamba, na injini za mashine za kusaga. Alikuwa na sharti moja lililowakera wateja: mwenye mashine lazima awepo siku ya kuichukua, aiwashe mwenyewe, asikilize, kisha atie saini kwenye daftari kwamba ameipokea nzima. Mtu ana haraka, dagaa wanamsubiri, anaambiwa asaini. Wengine waliweka dole gumba. Mzee mmoja wa Nyashimo alimwambia, "Afande, hii ni mashine ya mtumbwi, siyo ndege." Baba akamjibu, "Maji nayo hayana bega la kuegesha."

Nilipokuwa kidato cha pili walikuja watu na habari ya ng'ombe. Mtu yeyote wa Usukumani anaelewa. Ng'ombe walikuwa wengi, familia ilikuwa nzuri, na mwaka huo pamba ilikuwa imetuangusha. Wazee wakaongea kwa mzunguko kama inavyostahili, wakapewa maziwa, wakafika kwenye hoja. Baba akainuka, akaleta daftari langu. Akawafungulia ukurasa wa mwisho. Akawaambia kwa adabu kubwa kwamba kazi ya huyu haijakamilika, na yeye hawezi kutia saini kazi ambayo haijakamilika, kwa kuwa litakalotokea mbele litakuwa na jina lake. Wakaondoka. Sikufurahi kuzungumzwa kama chombo kilichoko hangani. Ila nilibaki shule, na wadogo zangu wawili wa kike walibaki shule, na hakuna mtu aliyerudi tena kutuletea hoja ile kabla hatujamaliza.

Nimeulizwa kama vita vilimwacha na majeraha. Mwilini hapana. Lakini miaka yote niliyoishi naye hakuweza kulala mpaka kila mtu wa nyumba amerudi. Kaka akichelewa kwenye ngoma za Bagika na Bagalu msimu wa mavuno, Baba alikaa nje kwenye kigoda. Hakuwa na hasira. Alikuwa akijumlisha: ametoka saa ngapi, amekula nini, baiskeli yake ina hali gani, njia ina urefu gani. Kaka akifika, Baba anamsalimia, anaingia ndani, analala. Nilipojua habari ya Musoma ndipo nilipoelewa anachokijumlisha.

Mama alipata kiharusi akiwa na miaka sitini na kitu, upande wote wa kulia ukafa. Tulimpeleka hospitali, akarudishwa nyumbani, na sisi mabinti tukaanza kupanga zamu. Baba akazikataa zamu zetu. Alisema tutasaidia mchana, usiku ni wake. Mgonjwa wa namna ile asipogeuzwa hutoka vidonda, na kidonda chenyewe kinaweza kumuua. Basi alimgeuza kila baada ya saa mbili, usiku kucha. Tulilikuta daftari baadaye. Limeandikwa kwa saa za kijeshi, mstari kwa mstari, kurasa kwa kurasa: 2200 kushoto. 0000 mgongo. 0200 kulia. 0400 kushoto, amekunywa uji. Kila mstari una saini. Mzee aliyeshavuka sabini, hakuna kamanda, hakuna wa kumkagua. Mama aliishi miaka mitatu katika hali hiyo, na hakuwahi kupata kidonda hata kimoja. Muuguzi wa zahanati alikuwa akija kumwangalia anageuka kumtazama Baba.

Mimi nimesoma habari za marubani mashujaa wa nchi nyingi, na sina ubaya nao. Lakini nikitakiwa kutaja ushujaa, nataja kurasa hizo.

Baba alimfuata Mama baada ya muda mfupi. Walikuja wastaafu wenzake wachache, wengine kwa basi kutoka Mwanza, mmoja akiwa amevaa koti la suti juu ya suruali ya zamani ya jeshi. Wakampigia saluti kaburini. Baadaye, wakati wa kula, wakaanza kutaja majina: yule fulani wa oksijeni, yule wa parashuti, yule mfupi wa silaha aliyekuwa akiimba. Waliyataja haraka haraka, mmoja akimkumbusha mwenzake, na mimi nilikuwa na sahani mkononi badala ya kalamu. Kabla chai haijapoa, walikuwa wameshahamia kwenye habari za pensheni na magoti.

Tuna makaburi ya mashujaa Kaboya, Muleba, na tuna siku yao, tarehe 25 Julai. Makamanda wamepewa haki yao. Jenerali David Musuguri, aliyeongoza Divisheni ya 20 kuelekea Kampala, alipofariki Oktoba 2024 akiwa amepita miaka mia moja, taifa zima lilimzika. Ni sawa kabisa. Lakini kijana aliyekuwa na miaka 25 vita vilipoanza sasa amevuka sabini, na wapo wengi wa namna hiyo Busega, Magu, Bunda na Bariadi: wapishi wa jeshi, madereva wa malori, wauguzi, waashi wa madaraja, mafundi. Hakuna gazeti litakalowaandika.

Kama una mzee wa namna hiyo nyumbani, usingoje maadhimisho. Mnunulie daftari la jalada gumu. Usimuulize alimuua nani, hatakujibu, na pengine hakumuua mtu. Muulize alikuwa na kazi gani, alianza saa ngapi asubuhi, alishika kifaa gani, nani alikuwa kulia kwake na nani kushoto. Andika majina yote, hata ya utani. Mwandikie namba yake ya jeshi, kikosi chake na mwaka, piga picha vyeti vyake pande zote mbili, na nakala moja mpe mwalimu wa historia wa shule ya kata. Kisha mwombe mzee atie saini.